Jina Chini ya Picha

Siku mliyoniaga pale studio, wadogo zangu, mlinipa zawadi ya fulana. Nilisema asante, nikaikunja, nikaiacha juu ya kiti. Mmoja wenu alinikimbilia hadi barabarani akidhani nimesahau. Sikusahau. Fulana ile ina picha ya msichana aliyebana wembe kwa meno, na chini yake yale maneno mnayotaniana nayo kila mnapogombea waya wa chaji: "Nipigeni, lakini msinishike." Mlitaka nifurahi kwa kuwa picha ile niliipiga mimi. Mmeniuliza habari za filamu ilimotoka picha hiyo kwa miaka mitatu, nami kila mara nimewajibu kwa kuwatuma chai. Sasa nimestaafu, neno kubwa kidogo kwa mtu ambaye hakuwahi kushika barua ya ajira, na chai najichemshia mwenyewe. Nitawaeleza. Msichana yule nitamwita Zena. Silo jina lake, na mwenye kulijua namwomba alimeze.

Niliingia kazini enzi za ruksa, bidhaa ziliporudi madukani na watu wa Dodoma wakagundua kwamba harusi isiyopigwa video ni kikao cha kula pilau tu. Bwana Festo alikuwa akiuza betri na kanda za muziki karibu na stendi. Shemeji yake alimletea kutoka Uarabuni kamera ya kubeba begani na deki mbili, naye akabandika kibao cha studio ukutani kabla hajajua kuziwasha. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Kikuyu, hapohapo Dodoma, niliyemaliza shule bila mpango. Nilikwenda kununua betri, nikamkuta anasoma kitabu cha maelekezo kwa kukigeuzageuza. Nikamsaidia kuchomeka waya mmoja. Kesho yake nikaambiwa nije mapema.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sudi. Huyu alikuwa amezeeka kwenye gari la sinema la serikali, akizunguka vijijini na kitambaa cheupe na jenereta, akiwaonyesha wakulima filamu za kilimo cha kisasa na uchimbaji wa vyoo. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Alinipa kipande cha kanga kuukuu na chupa ya spiriti, akafungua tumbo la deki, akanionyesha kile kigurudumu kinachong'aa ambacho ndicho hasa kinachosoma picha.

"Vumbi la mji huu halina adabu," aliniambia. "Kila asubuhi utafuta hapa. Ukifuta kwa hasira, umenunua deki."

Nilifuta kwa miezi mitatu. Ninyi mnaofungua kompyuta na kuanza kukata picha kama mnakata kitunguu, fikirieni hilo mara moja moja.

Kuhariri kwa wakati ule kulikuwa hivi. Deki ya kwanza inacheza kanda uliyopiga, deki ya pili inarekodi vile vipande unavyovitaka, na wewe umekaa katikati, vidole viwili juu ya vitufe viwili, unasubiri sekunde yako. Ukichelewa, bwana harusi anaonekana akipenga kamasi. Kilichorekodiwa kwenye deki ya pili ndiyo kanda mama, na nakala zote hutoka kwake. Ukitaka kubadili kitu katikati baada ya hapo, lazima uinakili yote upya, na kila unaponakili picha inachoka. Rangi inapauka, kingo za sura zinalegea. Kwenye nakala ya nne bibi harusi na mama yake huwezi kuwatofautisha.

Kisha kulikuwa na majina. Tulikuwa na kibodi kidogo cha kuandikia maneno juu ya picha, herufi za njano zenye kivuli cheusi, nasi tulijivunia kibodi hicho kuliko kamera. Kila mtu muhimu alipotokea kwa mara ya kwanza, jina lake lilipita chini yake pamoja na mahali anapotoka. Baba mzazi, Kondoa. Shangazi wa bibi harusi, Mpwapwa. Harusi yangu ya pili kuihariri nilimsahau shangazi mmoja. Ukoo mzima ulirudi na kanda, wakakaa dukani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, shangazi mwenyewe katikati yao. Mzee Sudi aliomba radhi kwa niaba yangu, kisha akanikalisha chini.

"Kwenye kanda, mtu asiye na jina ni mzamiaji," alisema. "Hawa hawalipii picha, Ramadhani. Wanalipia kujulikana kwamba walikuwapo."

Nililishika somo hilo, na ni kwa hilohilo nilikuja kumharibia mtu maisha.

Filamu ilikuwa wazo la Bwana Festo. Mabanda ya video yalikuwa yamejaa mjini, kila mtaa na banda lake la mabati, na ndani watu wanaangalia magenge ya vijana wa nchi za mbali wakivunja vioo vya magari. Bwana Festo alikaa kwenye mabanda hayo siku kadhaa, akarudi akasema sisi nasi tuna vijana wahuni, kwa nini tuangalie wa wenzetu? Akaandika hadithi kwenye daftari la mauzo. Kundi la vijana wanaiba sokoni Majengo, kiongozi wao ni msichana anayepasua mikoba ya akina mama kwa wembe, mwisho wanakamatwa na anajuta. Akaiita Wembe wa Majengo. Kama kuna mtu huko chuoni anawaambia kwamba ilikuwa ukosoaji wa soko huria, mwambieni ilikuwa kurasa kumi na moja na mbili kati yake zilikuwa hesabu za betri.

Zena alikuwa binti wa Mzee Hamisi, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha viungo sokoni na nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Alitaka ualimu, na alilisema hilo hata kwa mtu aliyemuuliza saa. Alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaani kwao barazani na kuwafundisha kuhesabu kwa punje za karanga, na mtoto aliyekosea alizila. Bwana Festo alimwona akimkaripia mwuza nyanya aliyempunja mizani, akasema huyu ndiye. Mzee Hamisi alikataa mara mbili. Mara ya tatu Bwana Festo alinichukua mimi, mtoto wa jirani, nikae karibu yake nionekane.

"Mzee wangu, ni filamu ya maadili," alisema. "Mwishoni anajuta. Itafundisha vijana."

Mzee Hamisi alinigeukia. "Ramadhani, wewe utakuwapo?"

"Nitakuwapo, mzee. Mimi ndiye mshika kamera."

"Basi nakukabidhi."

Tulipiga filamu ile kwa majuma matatu, mchana, sokoni, bila kumwarifu mtu yeyote. Bwana Festo aliamini kwamba watu wakijua wataanza kuchana nywele. Siku ya kumkimbiza Zena, nilisimama kwenye kona ya wauza vitunguu, yeye akaupasua mkoba wa mama mmoja ambaye ni shangazi yake Festo na alijua kila kitu, mama akapiga kelele kama tulivyopanga, Zena akakimbia. Soko lote likamkimbilia. Lile halikupangwa. Walimzunguka karibu na magunia ya mtama, na mwuza nyanya mmoja, yuleyule wa mizani, akampiga kofi lililomgeuza uso. Mwingine akamvuta kanga ya kichwani. Wakaanza kumshika mikono, mabega, kiuno. Hapo ndipo aliposema yale maneno ya kwenye fulana yenu. Hayakuwa kwenye daftari. Hakuwa akiigiza. Alikuwa binti wa watu, anashikwashikwa na wanaume asiowajua, naye akachagua lipi ni afadhali.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Niliendelea kurekodi. Bwana Festo alinishika bega kwa nyuma na kusema "usizime, usizime," lakini bega langu lilikuwa langu na kidole kilikuwa changu. Yule shangazi wa Festo ndiye aliyejitupa katikati na kuwaeleza. Watu wakacheka, wakaomba radhi, mwuza nyanya akampa Zena mfuko wa nyanya. Zena aliniangalia, akasema, "Kaka Ramadhani, angalau imetoka vizuri?" Nikamwambia imetoka vizuri sana. Ilikuwa imetoka vizuri sana.

Nilihariri peke yangu kwa siku tisa. Nilipofika mahali Zena anapotokea kwa mara ya kwanza, akiwa ameinama juu ya mkoba wa yule mama na wembe mkononi, nilifanya kile nilichofundishwa. Nikaandika jina lake kamili, la kwake na la baba yake, na chini yake Kikuyu, Dodoma. Nikaliacha lipite polepole ili lisomeke. Wenzake nao niliwaandika, kila mmoja katikati ya wizi wake. Mtaniuliza kwa nini sikuyaweka mwishoni. Kwenye kazi yetu hapakuwa na mwisho. Mwisho wa harusi ni watu wanakula. Wala sikufikiri. Nilikuwa namheshimu. Nilitaka ijulikane kwamba alikuwapo.

Mzee Sudi aliiona kanda mama siku moja kabla ya kuanza kutoa nakala. Alitazama mpaka pale jina lilipopita, akaniambia nisimamishe.

"Hilo jina litoe."

"Mzee, nikilitoa lazima ninakili yote upya. Picha itachoka."

"Acha ichoke." Akavuta kiti. "Nilipokuwa na gari la sinema tulikuwa na filamu ya afya. Kuna mtu anakunywa maji machafu, anakufa. Mwaka uliofuata mtu yuleyule alipita kwenye vijiji vile akinunua karanga. Watu walimkimbia, wengine waliacha karanga zao barabarani. Na huyo hakuwa ameandikwa jina."

Nilicheka. Nilimwambia watu wa siku hizi si wale. Ukweli ni kwamba nilikuwa na picha kali kuliko zote nilizowahi kuhariri, sura ya Zena inaonekana hadi jasho la juu ya mdomo, na sikutaka ipauke kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi. Mzee Sudi hakubishana. Aliondoka, na tangu siku hiyo hakuniambia tena jambo lolote la kazi ila nimuulize.

Nakala zilitoka zikaenda kila mahali. Mabanda ya Dodoma kwanza, kisha Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni. Mahali pengine watu hawakuwa wamewahi kuona kanda yenye watu wa kwao isipokuwa kanda za harusi, na kwenye kanda ya harusi kila kilichomo ni kweli: aliyeandikwa baba ni baba, aliyeandikwa shangazi ni shangazi. Sasa wanamwona msichana anapasua mkoba, soko halisi linamkimbiza, anapigwa kofi halisi, na jina lake na mtaa wake vimeandikwa chini kwa herufi zilezile za njano. Walifikia uamuzi ambao hata mimi ningeufikia. Kuna waliosema ni kanda ya polisi.

Miezi minne baadaye matokeo yalitoka na Zena akapata nafasi kwenye chuo cha ualimu mbali kidogo na hapa. Mji wenyewe siutaji. Aliteremka stendi na sanduku la bati, akiwa peke yake, na kijana mmoja wa kupakia mizigo akamtazama mara mbili, akaita jina lake lote, la kwake na la baba yake. Aligeuka. Nani hageuki akiitwa jina lake? Kijana akapiga yowe la mwizi. Walifungua sanduku. Ndani mlikuwa na magauni, msahafu, sabuni, madaftari, na kwenye kibweta cha penseli, wembe. Mwanafunzi gani wa nchi hii hakuwa na wembe wa kuchongea penseli? Lakini wao walikuwa wamekwisha kuuona wembe huo. Askari aliyekuwa akinywa chai jirani alimtoa akiwa hai, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili.

Alikwenda chuoni hivyohivyo, na bandeji. Alikaa muhula mmoja. Hakufukuzwa na mtu. Ila kila kijiko kilichopotea bwenini, watu walianzia kitandani kwake, kwa heshima kabisa, wakisema "samahani dada, tunaangalia tu." Akafunga sanduku akarudi Kikuyu.

Mzee Hamisi alikuja studio. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyima marahaba hata adui.

"Toeni jina la mwanangu," alisema.

Bwana Festo alimpa kiti. Akamweleza kwamba nakala zimekwisha kusambaa, nyingine zimenakiliwa na watu asiowajua, na kwamba kwa kweli hata yeye amedhulumiwa. Mzee Hamisi alisikiliza yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Nilikukabidhi."

Nilimwambia nitazunguka naye mabandani, nisimame mbele ya watu kabla picha haijaanza, nieleze. Zena akasema naye atakuja, wamwone. Tulikwenda mabanda matatu, alasiri moja baada ya nyingine. Banda la kwanza watu walisikiliza. La pili waliguna. La tatu lilikuwa limejaa, nikasema maneno yangu, huyu ni jirani yetu, ni mwanafunzi, aliigiza tu, na kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Asee, ndiye mwenyewe! Dada, tupe basi ile ya msinishike!" Banda zima likapiga makofi. Walikuwa wamefurahi kwelikweli. Walikuwa wanampenda. Zena alisimama na mkono wake ambao bado haukunyooka, akamtazama baba yake. Mzee Hamisi alivua koti lake, akamfunika kichwa, wakatoka. Hawakuniita. Mwezi ule wakauza kibanda wakarudi Kondoa.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana ni kazi tu. Televisheni ilikuja, mabanda yakapungua, zikaja diski, zikaja sinema za kutoka kwingine, na Wembe wa Majengo ikafa kifo cha kawaida. Nilifurahi ilipokufa. Bwana Festo alihamia Dar es Salaam. Mzee Sudi tulimzika, na nilishika upande wa jeneza bila kuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Mimi nikajifunza kompyuta, nikaja kwenu. Mlikuwa mnanicheka kwa tabia yangu ya kumfuata kila mtu ukumbini na kumuuliza, "Nikuandike?" Mlisema nawachelewesha. Niliwachelewesha, ndiyo.

Kisha miaka michache iliyopita mtu mmoja Mpwapwa alikuta kanda chakavu kwenye nyumba ya marehemu babu yake, akakirusha kile kipande cha sokoni kwenye simu. Sekunde arobaini, picha imechoka, jina halimo. Mengine mnayajua kuliko mimi. Vijana wa chuo kule Chimwaga wakaanza kuisema ile kauli kwenye mitihani, kwenye foleni ya chakula, kwenye maandamano. Wakampa jina, Malkia wa Majengo. Wakavaa kanga kama yake kwenye mahafali. Sijui ni wangapi kati yao waliowahi kujiuliza kama lile kofi liliuma.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja pale studio binti mmoja anaitwa Gloria, kiongozi wa kikundi chao cha filamu. Binti mwenye adabu, aliniamkia kwa kupiga goti.

"Mzee, sisi tunaamini hii ni klasiki. Tunataka kuisafisha, tuirudishe kwa watu. Tumeambiwa kanda mama unayo wewe."

Nilikuwa nayo, kwenye kopo la biskuti. Bwana Festo aliniachia alipohama. Ningeweza kusema sina. Lakini huyu alikuwa mtu wa kwanza katika miaka yote aliyeniuliza nilivyoipiga, nilisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, nami nikamjibu kwa saa nzima. Nikampa. Nilimwekea sharti: waihamishe kwenye kompyuta yao waitazame, lakini wasiionyeshe popote mpaka nimwone mwenye jina na nimuulize. Akikataa, wafute.

"Haina shida, mzee," alisema. Siku ya tatu aliirudisha kanda ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti.

Mpwa wa Mzee Hamisi, ambaye bado yuko Kikuyu, ndiye aliyenielekeza. Juma lililofuata baada ya kuwaaga ninyi, nilikwenda Kondoa, kisha nikapanda pikipiki hadi kijiji kimoja cha milimani. Nilimkuta barazani kwake. Kulikuwa na watoto kama ishirini wamekaa juu ya mkeka, na mwanamke mwenye miwani anaandika irabu kwenye ubao mweusi, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja kidogo pajani. Watoto walimwita Mwalimu. Nilisubiri mpaka wamalize na kutawanyika.

Alinitambua kabla sijajitaja. Alinikaribisha, akanipa maji. Alinieleza kwamba huku anajulikana kwa jina la mtoto wake, Mama Rehema. Mumewe alifariki bila kujua habari za kanda ile. Rehema hajui. Hana cheti, lakini wazazi wa kijiji walimwomba wenyewe awafundishe wadogo, na mwaka huu wamepanga kumjengea chumba, matofali yalikuwa yamepangwa pale uani.

"Wananiachia watoto wao, na nyumba zao nawaangalizia wakienda shamba," alisema. "Funguo wananipa mimi."

Nikamweleza habari za chuo. Nikamweleza kuhusu Malkia, kuhusu kanga kwenye mahafali. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba sehemu moja ndogo ya moyo wake itafurahi. Alinisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kiti.

"Jina langu wanalijua?"

"Hawalijui. Kile kipande hakina jina."

"Na hiyo kanda yenye jina?"

Nikaitoa kwenye mfuko nikamwekea mezani.

"Ziko ngapi?"

Niliwaza kompyuta ya akina Gloria. Niliwaza kwamba nikitoka tu hapo nitampigia, nitamwambia afute, naye ni binti mwenye adabu. Niliona pia uso wa huyu mama, na sikutaka kuwa tena mtu anayemletea habari mbaya.

"Ni hii tu iliyobaki," nilisema.

Aliichukua, akaenda jikoni, nami nikamfuata. Aliivunja ganda kwa mchi wa kutwangia, akauvuta utepe wote, mita na mita, akaurundika kwenye jiko la mkaa. Ulijikunja ukanuka vibaya. Alisimama pale mpaka ulipokwisha, akikohoa na kufuta machozi ya moshi kwa upande wa kanga, na alipogeuka nilimwona akicheka, meno yote nje, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

"Kaka Ramadhani, kaa ule," alisema. "Leo huondoki hivihivi."

Akasonga ugali, akaniwekea mlenda na nyama kidogo. Ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa Gloria. Nilisogea mlangoni.

"Mzee, shikamoo! Samahani, wenzangu wameshindwa kusubiri, wameipandisha mtandaoni tangu asubuhi. Yote, nzima! Imesambaa vibaya mno. Na ile picha yako, mzee, imetoka safi ajabu, hadi maandishi yanasomeka vizuri. Sasa tumejua mpaka jina lake. Watu wanamtafuta."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nilikata. Nje, kwenye kivuli chembamba cha nyumba ya jirani, vijana watatu walikuwa wameinamia simu moja.

"Nani huyo?" Zena aliniuliza, akininawisha mikono.

"Watu wa kazini."

"Wasalimie," alisema. "Uwaambie ile kanda imekwisha, wasikusumbue tena."

Nikamwambia nitawaambia. Kisha nikakaa, nikala chakula chake, na kila nilipomaliza tonge aliniongeza.